Mtungi Usionuka

Jumatatu, tarehe 6
Mandazi tena. Moto dhaifu. Mume wetu Twaha alinunua mitungi miwili ya gesi Jinja: mmoja wangu hapa Malukhu, mwingine wa mke mwenzangu Zaina, hukohuko Jinja, mtaa wa Nalufenya. Rangi moja, ukubwa mmoja. Eti haki sawa. Wangu hata haunuki. Gesi ya zamani ilinuka kabichi iliyooza ukifungua tu. Nashuku nimepewa hewa tupu, na Zaina anacheka.

Jumatano, tarehe 8
Juzi jioni niliupima mtungi kwenye mizani ya muuza mchele, na jana sikupika kabisa. Leo nimeupima tena. Umepungua. Basi kuna mwizi. Kikulacho ki nguoni mwako, na Twaha ana funguo za nyumba. Nimepigilia misumari dirisha la jiko, mlangoni nimetia kufuli jipya.

Alhamisi, tarehe 9
Kila Alhamisi jioni nafukiza udi nyumba nzima, kuipokea Ijumaa. Kabla ya kuwasha makaa nikaosha jiko. Povu la sabuni lililorukia shingo ya mtungi likavimba. Likapasuka. Likavimba tena. Harufu hakuna. Kiberiti kilikuwa mkononi. Nimekitupa nje, udi sikuwasha.

Ijumaa, tarehe 10
Jirani yangu, afande anayesimamia jiko la gereza, ameutoa mtungi uwanjani. "Mama, gesi yenyewe haina harufu. Wanatiaga dawa ya salfa, merkaptani, ndiyo inanuka. Hii mtungi ni mzee, wamepaka rangi tu. Kutu ya ndani imekula ile dawa."

Kumbe uvundo ule ndio ulikuwa mlinzi. Gesi ni nzito, ilikuwa imelala sakafuni, nami nimeifungia dirisha.

Zaina ana pacha wa mtungi huu. Naandika ukweli: nilishika simu nikakaa. Sikutaka kupiga. Nikapiga. Hakuniamini. Alidhani nautaka mtungi wake. Akakata. Sasa hapokei, na simu ya Twaha imezimwa. Nimemwandikia Zaina: paka sabuni tu, uone. Hajajibu. Naogopa.

Jumapili, tarehe 12
Zaina amepiga mwenyewe. Alipaka sabuni, povu likavimba. Watoto aliwapeleka kwa jirani, mtungi akautoa nje. Kisha akauliza sasa napikia nini. Mkaa, nikamwambia. Hata yeye mkaa, akasema, na moshi unamtoa machozi. Tukazungumza habari za mkaa mpaka salio likamwishia.