Uso Uliouacha Bila Rangi

Kaka Mugendi, popote barua hii itakapokukuta,

Nambari yako haipatikani tangu uondoke, na binamu yetu wa Ishiara anasema ulilala kwake siku mbili tu. Basi nimemwomba mwalimu anayetuandalia mashairi aibandike barua hii kwenye mlango wa ukumbi wa kanisa hapa Kianjokoma, kila mtu aisome, na atakayekuona akwambie. Mimi, ninayejificha nyuma ya vitabu, nimefika hapo.

Unakumbuka rangi ya buluu iliyobaki milango ya kanisa ilipopakwa? Ulikosa cha kuchorea, ukachukua turubai ambalo Mama hujifunga kiunoni akichuma chai, umande usimloweshe. Mimi ndiye niliyekushikia pembe. Kesho yake Mama alienda shambani bila turubai, akarudi amelowa chapachapa. Baba akafoka, "Chai huchumwa na turubai, haichumwi na picha! Lisafishe ama utoke!" Ukatoka, ukaliacha. Ulikuwa unamchora Mama, umemaliza kikapu, mikono, hata leso yake ya madoa. Uso bado. Nami sikusema kwamba tulikuwa wawili.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na mashairi ukumbini. Picha hutundikwa ukutani, na kila msomaji husimama kando ya moja na kusoma alichoiandikia. Nilitundika yako. "Sogea, dada, maikrofoni haiumi!" mshereheshaji alinitania, watu wakacheka. Nikasoma hadi mwisho.

Ndipo Mama akainuka. Hujui hili: ana presha ya macho. Daktari alisema kilichopotea hakirudi. Bado anachuma, lakini kwa kupapasa, na kitu hukiona tu akikileta karibu sana, penye mwanga wa dirisha. Aliipapasa picha, akafikia kiraka alichoshona mwenyewe. "Ngai! Si hili ni turubai langu?" Ukumbi mzima ukacheka. Kisha vidole vyake vikapanda juu, vikasimama.

"Wawira, mbona hapa hamna rangi?"

"Alipaka nyembamba, Mama. Ni uso wako. Unacheka."

"Na pengo langu amelichora?"

"Amelichora."

Nilimdanganya mbele ya watu wote, na hakuna aliyefungua mdomo. Sasa kila siku kwenye kituo cha kupimia chai huwaambia wenzake kwamba kijana wake alimchora akicheka, na pengo lake. Jana aliniomba nilete turubai nyumbani alitazame dirishani kabla macho hayajafunga kabisa. Nimesema mwalimu bado analihitaji. Nitasema nini wiki ijayo? Nimejaribu kuuchora uso huo kwa penseli, daftari zima. Kila mara anatokea mama wa mtu mwingine.

Baba alinunua turubai lingine. Hataji jina lako, lakini kila jioni akivua gambuti huuliza, "Hajapiga?" Nikisema bado, huenda kwa ng'ombe na kukawia huko.

Sikuombi urudi kukaa. Njoo asubuhi moja tu, kabla hajaniomba tena. Mkebe wa buluu niliuficha chini ya kitanda changu, na kila Jumapili huutikisa usigande. Nitakushikia pembe, na safari hii Baba akiuliza, nitasema tulikuwa wawili.

Mdogo wako anayekungoja na mkebe,
Wawira