Choma Uzi, Wifi

3 Juni

Wifi,

Salamu. Natumaini u mzima, maana mgonjwa hawezi kupata nguvu za kufanya uliyoyafanya. Mimi sijambo, ila nimeona picha ya mdogo wangu karakanani, kashika mashine ya kuchomelea vyuma, kavaa sweta la nailoni. Lile la sufu nililomfumia liko wapi? Sufu ikirukiwa na cheche hufuka kidogo, ikazima. Nailoni huyeyuka, ikanata mwilini. Umemvisha mshumaa.

Wifi yako mkubwa

9 Juni

Wifi mkubwa,

Hatujambo, ingawa hukuuliza. Sweta lako nililifua kwa maji ya moto kama nguo za watu wote. Likanywea, sasa linamtosha mwanasesere. Hata kabla ya hapo mume wangu alikuwa akijikuna kama kuku mwenye utitiri. Langu ni laini, jepesi, ukilifua asubuhi jioni limekauka. Niachie mume wangu nimvishe.

Wifi

12 Juni

Wifi,

Sijambo. Kuchemsha sufu! Ungetia na chumvi kabisa. Kata uzi wa sweta lako, washa kiberiti, halafu uniandikie.

Wifi yako

2 Julai

Wifi mkubwa,

Habari za huko? Hapa wazima, mpaka sasa. Uzi niliuchoma ili nikuumbue. Uligeuka tone jeusi, likanigandia kidoleni. Usicheke. Nimemkataza kulivaa kazini, ananijibu, "Acha kujishusha, mke wangu. Umelifuma wewe, nitalivaa mpaka lichakae." Nikilificha, analitafuta. Jana limerudi na vitundu kifuani. Mwandikie wewe. Lisute, litukane, kwenye matusi huhitaji mwalimu.

Wifi

6 Julai

Wifi,

Pole ya kidole. Ya mengine sitoi. Nikilitukana atalivaa hata kitandani, namjua tangu nikimbeba mgongoni. Nimemwandikia kwamba limenipendeza, nalitaka mimi, na nisipoletewa nitalifuata mwenyewe, nikae kwenu mpaka nichoke. Atalifunga kifurushi leo hii, na wewe utamshikia kamba. Mimi nafuma nimekaa, cheche sina, nitalivaa. Ila usivimbe kichwa: mkono mmoja mrefu, na shingo umeifuma kama mdomo wa ndoo.

Wifi yako mkubwa