Maelezo Kamili ya Aliyedhulumiwa

Jumatatu, 4 Machi

Muswada wa kulinda taarifa za watu mtandaoni umefika kwenye kamati. Wananchi tumeitwa kutoa maoni. Wito huu nimeusubiri tangu ile video ya binti yangu. Kifafa kilimwangusha kwenye kituo cha basi, na mwenye simu akaona heri arekodi kuliko amwinue. Ikazagaa. Wakaiwekea muziki. Nashukuru uso haukuonekana, mtandio ulimfunika, hivyo hakuna aliyejua ni nani. Yeye anaendelea kufundisha chekechea kama kawaida. Mimi ndiye nisiyelala.

Jumatano, 6 Machi

Waraka umekamilika. Kurasa nne. Sikuvuka darasa la saba, lakini kwa "ilhali" na "kwa hiyo basi" sioni wa kunifundisha.

Fundi simu ndiye aliyenisaidia kuutuma. Akanitania: ati Mheshimiwa, muswada wenyewe ni mfupi kuliko barua yako. Kisha akauliza kama ni lazima jina la binti yangu liwemo. Nikamjibu kwamba dai lisilo na jina ni uvumi. Nimeweka maelezo kamili ya aliyedhulumiwa: jina, umri, maradhi, shule anayofundisha. Na mahali video ilipo, ili kamati ijionee.

Binti sijamwambia. Nataka siku moja nimwoneshe sheria iliyokwisha kupita, nimwambie: hii ni yako.

Jumanne, 12 Machi

Kamati imeyaweka maoni yote kwenye tovuti yake. Waraka wangu uko juu kabisa. Nilifurahi — sina budi kuandika ukweli — kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha binti akaingia, na shule haijafungwa.

Mzazi mmoja ameusoma waraka. Akautuma kwenye kundi la wazazi, na video chini yake. Mwalimu mkuu amemwambia binti apumzike kwanza. Alipouliza apumzike hadi lini, akajibiwa kwamba wazazi wana hofu, mwenzangu, nielewe.

Hakunigombeza. Aliuliza tu: baba, ni wewe uliyeandika "huanguka na kutokwa na povu"?

Nilisema hiyo ndiyo lugha inayostahili mbele ya kamati.

Akaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumatano, 13 Machi

Nimekwenda ofisi ya kamati kuomba waraka uondolewe. Karani ni mama mpole. Akasema: mzee wangu, kikishapandishwa hakishuki. Nikamsomea kutoka kichwani ibara ya kumi na tisa, kwamba kila mtu anayo haki ya kutaka taarifa zake zifutwe. Aliniacha nimalize. Kisha akaniambia taratibu: ibara hiyo imo ndani ya muswada, baba. Muswada haujapita.

Akaongeza kwamba wajumbe wameupenda waraka wangu. Wanaomba nikausome kesho kutwa, mbele ya kamera.

Nilimshukuru. Ndivyo nilivyojifunza, mtu hushukuru anapotoka ofisini.

Alhamisi, 14 Machi

Dada yangu amekuja kumchukua binti akakae kwake. Amenipita sebuleni bila kuketi. Kaka, akasema, wewe kalamu yako ina midomo miwili, masikio yako yapo wapi?

Nikamweleza binti kwamba kesho sitausoma. Kwamba nitaiandikia kamati upya, nimwombe radhi humo, kwa lugha iliyo bora zaidi. Akakunja gauni moja mara mbili, akalikunjua.

Baba, usiniandikie tena. Hata radhi. Kama unayo, njoo uiseme.

Sasa wako chumba cha pili, wanafungasha. Nami nimekaa hapa naandika, jambo lile lile. Napaswa kuinuka. Nimejaribu kulipanga neno la kwanza, na kila nikilipanga linanijia na "kwa heshima na taadhima" mbele yake. Nikiyaondoa hayo, sijui mtu huanzaje kuzungumza na mwanawe.

Dada anauliza kwa sauti kama nyumba hii ina kamba, begi la pili halifungi.

Ipo. Ninajua ilipo; naiweka kalamu chini niwapelekee —