Koti la Damu ya Mzee

Kitale

Kwako Wangila, huko Bungoma,

Natumaini uko salama. Huku mvua imeshika, na Mukhisa ameanza nasari.

Asubuhi bibi yako Edinah alifika hapa studio. Hakunijua, aliambiwa tu kuna mama Kitale anayerekebisha picha. Mwanga wa tenti ya bluu uliharibu picha zote za harusi yenu, nyuso zikawa kama za maiti. Nilimweleza kwamba nahitaji kitu kimoja ambacho rangi yake halisi naijua, ndipo zingine zifuate. Nikachagua koti lako la rangi ya damu ya mzee. Nyuso zote zikarudi, hata yako.

Akashangaa. "Na si hujawahi kuliona hilo koti? Umejuaje rangi yake?"

Nikamfungulia picha ya siku uliyoleta mahari kwa baba kule Tongaren. Umevaa koti hilo nililokununulia, nami niko kando yako na mimba ya Mukhisa, miezi saba.

Aliitazama sana. Akaniambia niitoe kubwa, niiweke juu ya zenu kwenye bahasha.

Sasa amekaa hapa kwenye benchi, anangoja nimalize kuandika akuletee. Bahasha sitaifunga.

Nabwile