Malachy Hourigan na Saa Tisa ya Garland

Mgeni alibisha hodi, Mzee, siku kumi na mbili kabla ya mwaka wako kutimia. Tangazo lako la kumbukumbu tulikuwa tumeshaliandika. Lilikuwa fupi na lilikuwa zuri, na lilibaki kupelekwa kuchapwa tu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, tarehe mbili Machi, hapa nyumbani Grand Prairie. Mkeo Kezia alikuwa ametoka zamu hospitalini, bado na sare, anasubiri chai ichemke. Alipofungua mlango alimkuta mwanamke wa makamo aliyejifunga kitenge juu ya koti la baridi. Nyuma yake gari lilikuwa bado linanguruma, kana kwamba mwenyewe hakuwa na hakika kama atabaki.

"Ni hapa kwa Muzee Malaki?"

"Ni hapa, dada. Lakini Mzee alitutoka mwaka jana."

"Najua, mama. Habari ilitufikia. Mimi ni Léoncie, bibi ya Libère wa Garland. Sasa tuko Houston."

"Ume-drive kutoka Houston peke yako?"

"Nilitoka alfajiri. Bwana yangu hajue kama nimekuja."

Kezia alimkaribisha. Unajua anavyokuwa baada ya zamu ndefu, macho yanajifunga yenyewe huku mdomo unasema karibu. Alimmiminia chai, akakaa mbele yake, akangoja.

Tangazo letu la kwanza lilisema mambo ya kweli. Lilisema ulizaliwa mwaka 1941 katika shamba la ng'ombe magharibi mwa Ireland, ukawa wakili wa mji mdogo, kisha mbunge kwa miaka kumi na minne. Wenzako walitafuta uwaziri. Wewe uliomba kamati ya kurekebisha sheria, iliyokutana kwenye chumba kisicho na dirisha, mahali ambapo hakuna mpiga picha aliyewahi kufika. Sheria mbovu, ulituambia, mara nyingi haina mtu mbaya nyuma yake. Ina sentensi mbaya ambayo hakuna aliyekuwa na subira ya kuisoma mpaka mwisho.

Ulikuwa na namna yako ya kufanya kazi. Kila kifungu ulikisoma kwa sauti mbele ya mtu ambaye siku moja kingemkuta: mjane aliyepanga chumba, mfanyakazi wa kiwanda cha maziwa. Asipoelewa, kifungu kilirudi mezani, hata mawakili wenzako wanune vipi. Kimoja kilikuchukua miaka sita. Kilisema mpangaji asitolewe nyumbani kabla hajaambiwa siku na saa ya kesi yake, kwa lugha anayoielewa. Kilipopita, ulituambia, hukusherehekea. Ulikwenda nyumbani ukalala siku mbili.

Ulikutana na Kezia katika hospitali ya Dublin, ulipovunjika nyonga, naye akawa muuguzi wa kukufundisha kutembea upya. Ulikuwa mjane, mwanao wa pekee ameshaoa. Kezia alipopata kazi Texas ulimfuata ukiwa na masanduku mawili ya vitabu na fimbo moja, ukawa baba wa Shiru, binti yake, aliyekuwa bado shuleni. Jumapili ya kwanza kanisani kwetu ulisimama kujitambulisha, ukasema kwa sauti kubwa, "Mimi ni bunge mstaafu." Kanisa zima lilicheka. Mwenda, mwenyekiti wa wazee, akaruka: "Jameni, bunge zima limehamia Grand Prairie! Basi tuandae viti!" Nawe ulicheka kuliko wote. Tangu siku hiyo ulikataa kusema Kiingereza na mtu yeyote aliyejua Kiswahili. Uliona ni heshima.

Heshima hiyo ndiyo iliyokupeleka Garland. Kila Jumamosi uliendesha gari mpaka ukumbi wa parokia, ukaketi na Warundi waliokuwa na barua za ofisi wasizozielewa. Hukuwa na kibali cha uwakili Texas, kwa hiyo mahakamani hukuruhusiwa kusema neno. Ulisoma tu, ukaeleza, ukasoma tena. Walikuita Mzee Malaki kwa sababu ya nabii, na jina likakukaa.

Hayo yote yalikuwa kwenye tangazo la kwanza. Pia lilikuwa na mstari uliosema kwamba familia nane za jengo moja la Garland zilipoteza nyumba zao Februari 2018, "ingawa Mzee alifanya yote aliyoweza, kwa sababu msemaji wao alichelewa kesi." Mstari huo tulipewa na kamati ya kumbukumbu yako, anayoiongoza Mwenda. Tuliuandika bila kuuliza. Mwenda alikuwa ameshausambaza kwa simu za watu, pamoja na habari njema kwamba meza ya msaada wa sheria pale parokiani itapewa jina lako.

Msemaji huyo alikuwa Libère. Ujumbe ule ulimfikia Léoncie akiwa kazini hotelini, Houston.

"Mama," alimwambia Kezia, "siko nakuja kugombana. Lakini wanasema bwana yangu alihongwa na mwenye nyumba. Wanasema aliuza watu nane. Mwaka mzima. Haimbi tena kanisani, anakaa nyuma ya nguzo kama mwizi. Na sasa ninyi munaandika kwenye karatasi."

"Pole, dada. Sisi tuliambiwa hivyo."

"Najua muliambiwa. Sikiliza sasa."

Akatoa simu ya zamani ya Libère, akaiweka mezani katikati ya vikombe. Sauti iliyotoka ilikuwa yako.

Hatukuwa tumeisikia sauti yako tangu Machi ile. Shiru alikuwa ngazini, akakaa pale pale. "Libère, ndugu yangu. Wamebadilisha kesi. Ni Jumanne, saa tisa. Saa tisa kamili! Waambie wote. Tafadhali, msichelewe."

Kezia alielewa kabla ujumbe haujaisha. Léoncie aliona ameelewa.

Karani wa mahakama alikuwa amekupigia wewe, kwa sababu namba yako ndiyo iliyokuwa kwenye makaratasi. Alikuambia kesi zote nane zitasikilizwa saa tatu asubuhi. Wewe uliona tisa kwenye uso wa saa, ukasema tisa. Ungesema kwa Kiingereza, kama sisi sote tunavyosema hapa, kila mtu angeelewa. Lakini ulimpenda Libère, ukamwambia kwa Kiswahili.

Jumanne hiyo, tarehe kumi na tatu Februari, Kezia alikupeleka hospitali kupimwa moyo, nao wakakulaza. Kesi zikaitwa asubuhi, mlango ukafunguliwa, hakukuwa na mtu. Hakimu akaamua kama sheria inavyomruhusu. Na saa tisa alasiri kamili familia nane ziliingia mahakamani zimevaa nguo za Jumapili, watoto wamechanwa nywele, wakakuta mtu anafagia. Siku za kukata rufaa zilikuwa tano. Zote tano ulizilalia kitandani, na simu yako alikuwa nayo Kezia, ameizima ili upumzike.

Walipomuuliza Libère nani alimpa saa ile, alijibu kwamba alisahau mwenyewe.

"Kwa nini alijibu hivyo?" Kezia aliuliza.

"Alisema Muzee ana moyo mubaya. Akasema, watu wakimugeukia atakufa mikononi mwetu. Na wengine bado walikuwa na barua za kusomewa. Nani tena atawasomea?"

Kulikuwa na ujumbe wa pili, wa mwisho wa Februari, ulipotoka hospitali. Sauti ilikuwa imekwisha nguvu. "Libère, nimejua sasa. Kosa ni langu. Nipe mpaka Pasaka nipate miguu, nitakuja Garland, nitasimama mbele ya wote niseme mwenyewe. Naahidi." Pasaka ilikuwa tarehe mosi Aprili. Wewe uliondoka tarehe kumi na nne Machi.

Kumbe zile siku ulizokaa dirishani bila kusoma kitu, tukidhani ni dawa, hazikuwa dawa. Kezia alisema neno moja tu asubuhi hiyo, "Hakuniambia." Kisha akasema, "Na mimi sikumfundisha saa." Ni kweli, Mzee. Tulikucheka kwa bunge, tukakurekebisha ngeli, lakini saa tulizitaja kwa Kiingereza miaka yote saba, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kukuambia kwamba Kiswahili huhesabu tangu jua linapochomoza.

Léoncie hakuomba kitu kingine. Alisema, "Muzee aliahidi," akazituma sauti zote mbili kwenye simu ya Kezia, akamaliza chai, akarudi Houston ili awahi zamu yake ya jioni.

Hatukukubaliana haraka, tusikudanganye. Mwenda alikuja Jumatatu, akakaa kwenye kiti chako bila kufikiri, akakiacha alipokumbuka.

"Mama Shiru, mimi nasema kwa upendo. Mambo haya tuyaache. Meza imeshapata jina, tangazo limeshakwenda. Huyo Libère yuko Houston, ameanza maisha."

"Ameanza maisha nyuma ya nguzo."

"Lakini Mzee alisaidia watu mia! Kwa saa moja tu tumvue nguo mbele ya watu?"

"Sio sisi tunaomvua, Mwenda. Alitaka kuvua mwenyewe, akakosa siku."

Kumpigia mwanao kulikuwa kugumu zaidi. Yeye ndiye anayekusanya hotuba zako kule Ireland, na yeye ndiye anayejua kila kifungu ulichoandika. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba alijenga jina lake kwa miaka hamsini," alisema. "Jambo alilolipigania kuliko yote ni mpangaji kuambiwa saa. Mnataka aliyemfahamu asome kwamba yeye ndiye aliyekosea saa?"

"Ndiyo maana lilimuua moyo," Kezia alisema. "Yeye alilijua hilo kabla yetu."

"Aliahidi akiwa mgonjwa."

"Alikuwa mgonjwa wa moyo, mwanangu. Akili ilikuwa yake."

"Basi fanyeni mnavyotaka. Lakini jina langu lisiwemo. Popote."

"Halitakuwemo," Kezia alimwambia. "Nakuahidi."

Simu yake ya kila Jumapili haijaingia tangu hapo.

Jumapili iliyopita, ya kwanza ya Kwaresima, Kezia alibadilishana zamu akaenda Garland. Watu wengi wa lile jengo bado wanasali pale. Baada ya Misa padri alimpa kipaza sauti, naye akakishusha karibu na simu. Ulipotamka "saa tisa kamili" baadhi walitabasamu, kwa sababu walikumbuka lafudhi yako. Kisha tabasamu zikaondoka, uso mmoja baada ya mwingine, ukumbi mzima.

Mama Pelagia, aliyetolewa nyumba namba nne, alikuwa wa kwanza kusema. "Kumbe ni Muzungu aliyetupeleka saa tisa!"

"Ndiyo, mama," Kezia alijibu. "Ni mume wangu. Libère hakuhongwa, hakusahau, hakuchelewa. Alifika kwenye saa aliyopewa."

"Na Libère alijua?"

"Alijua. Alimkinga Mzee."

Pelagia alikaa chini. "Mwaka mzima niko natapika jina lake," alisema, bila kumtazama mtu. "Nipeni namba yake."

Si wote waliokaa. Method, aliyehamishwa na watoto wanne wakati wa baridi ile, alisema nyumba yake haiwezi kurudishwa na kipaza sauti, akatoka. Hatukumzuia. Alikuwa na haki yake, nawe ungesema hivyo hivyo. Jumatatu Mwenda alitupigia kwa upole kutuarifu kwamba kamati imeamua meza ya sheria ibaki bila jina kwa sasa. Itaendelea kufunguliwa kila Jumamosi. Shiru, aliyemaliza chuo mwaka jana na anayeamini bado kwamba sentensi mbaya inaweza kunyooshwa, ndiye anayekaa pale kusoma barua.

Tumechoka, Mzee. Kezia anakwenda kazini, anarudi, anaanika mashuka, anakukosa. Tulidhani mwaka ungetosha kupunguza, na badala yake umetuletea upande wako ambao hatukuujua. Lakini hatukupendi pungufu. Tunakukumbuka na fimbo yako kwenye vigae, unavyomshukuru mhudumu wa dukani kana kwamba amekuokoa, unavyosoma maandishi ya chupa ya dawa kwa sauti na kuyagombeza. Tunakukumbuka na kosa lako pia, maana uliteseka nalo peke yako chini ya paa letu.

Kwa hiyo tangazo la kwanza tumelichana. Badala yake tunasema hapa, kwa niaba yako, kwa kila aliyesoma ule mstari: siku ya tarehe kumi na tatu Februari 2018, aliyekosea saa ni Malachy Hourigan, na aliyebeba lawama ni Libère. Tunamwomba Libère na Léoncie radhi, na tunaziomba radhi familia zote nane, kwa jina lako na kwa jina letu.

Wanaokukumbuka ni mkeo Kezia. Binti yako Shiru. Wanakwaya na majirani wa Grand Prairie waliokufahamu. Na kutoka Houston, Libère na Léoncie, ambao jana walituomba wahesabiwe humu kama ndugu. Kuna mmoja aliye damu yako kuliko sisi sote, anayekukumbuka kila siku mbali na hapa. Aliomba jina lake lisiandikwe. Hatukuliandika.

Hatutakusahau, Mzee Malaki.