Nilitoka Kutembea Bila Jembe, Wakaleta Kuni za Msiba

Mpendwa Mama Zita, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaitisha msiba mwingine, na tafadhali usitaje jina langu wala kitongoji, andika tu mama wa Mbuba, tuko wengi.

Ilianza mwezi wa pili kwenye semina ya kinamama pale kata, ambako dada mmoja mpole alitufundisha namna ya kujitunza ili tusizidiwe na mawazo, na mimi nilikaa mbele nikaandika kila kitu kwenye daftari, kwa sababu moyo wangu ulikuwa unaenda mbio tangu Krismasi na sikutaka mtu ajue, basi nikarudi nyumbani na ratiba, asubuhi kupumua kwa kuhesabu, halafu kutembea nusu saa peke yangu bila mzigo wala shughuli, mchana kukaa kimya dakika kumi, jioni kuandika mambo matatu ya kushukuru, nikaapa kuifuata kama dawa ya malaria, bila kuruka dozi.

Kupumua kuliniletea shida siku ya kwanza tu, maana nilikaa nyuma ya jiko nimefumba macho nahesabu moja mpaka nne, mama mkwe akanikuta, akasubiri nimalize, kisha akaniuliza, "Unawahesabu akina nani?" nikamwambia nahesabu pumzi, na tangu siku hiyo hapiti nyuma ya jiko bila kufanya ishara ya msalaba. Kukaa kimya nako nilikuwa nasikia maharage yanaungua, na yale mambo matatu niliandika "mvua, maharage, afya" siku kumi na moja mfululizo mpaka nikaanza kuogopa kwamba Mungu ataona ninanakili.

Lakini kilichoniponza ni kutembea. Unajua huku kwetu mwanamke akionekana njiani saa moja asubuhi bila jembe, bila ndoo, bila mtoto mgongoni, na siyo Jumapili, basi kuna mtu amefariki, kwa sababu siku ya msiba hakuna anayeshika jembe. Jumatatu mke wa Celestini alinisimamisha akauliza, "Ni nani?" nikamjibu hakuna, natembea tu, akaniangalia kwa huruma. Jumanne wakauliza wengine, nikasema nimeshauriwa kutembea ili nisizidiwe, na naona hapo ndipo walipothibitisha. Nimesahau kukwambia kwamba mume wangu, ambaye nitamwita Projestus ingawa ndilo jina lake, anachimba dhahabu huko Biharamulo, na kabla ya Krismasi duara, yaani shimo la kuchimbia, lililo jirani na lao liliporomoka na watu wawili hawakutoka, lakini hilo silo nililokuandikia.

Basi Alhamisi narudi kutoka kutembea nikakuta uani wanawake tisa wa kikundi chetu cha kulima kwa zamu, kila mmoja na mzigo wa kuni kichwani, jirani yangu Kanyange mbele na sufuria ya maharage, na mama mkwe amekaa chini analia, nikajua Projestus amekufa na wao wameambiwa kabla yangu. Sikuuliza, nikaanguka pale pale wakanidaka. Kumbe wao walidhani habari ninayo mimi na kwamba natangatanga njiani kwa sababu akili imeruka, mimi nikadhani habari wanayo wao, tukalia pamoja karibu saa nzima, nikasema maneno mengi ambayo sikumbuki yote, mpaka Kanyange akauliza taratibu, "Mwili unafika lini?" nikamwambia, "Si ninyi mnaojua?"

Tulipiga simu mara nne haipatikani, mara ya tano akapokea, yuko sokoni anachagua mabuti, akauliza mbona nyumbani kuna kelele hivyo, nikamwambia ni semina.

Sasa kikundi kinasema kuni za msiba hazirudi zilikotoka kwa hiyo zipo hapa zimejaa uani, tena nimetozwa ndoo mbili za pombe ya ndizi kwa kuwatoa watu shambani bila maiti, mama mkwe ameficha daftari, na mimi siku tano sijafanya zoezi lolote na kukosa mazoezi kunanitia wasiwasi. Siku ile ya kuni nililala mpaka asubuhi, kitu ambacho sijakipata kwa miezi, nadhani ni uchovu wa kulia. Mama, niendelee kutembea, au kuna zoezi lingine lisiloonekana na watu?

Mama wa Mbuba

Marahaba, mama wa Mbuba, na pole. Nimecheka mpaka mjukuu wangu akaja kuniangalia. Halafu nikaisoma barua yako mara ya pili, nikaacha kucheka.

Moyo unaenda mbio "tangu Krismasi." Duara limeporomoka "kabla ya Krismasi." Umeyaweka mbali mbali kwenye karatasi ukidhani sitayaona, na juu yake ukaandika kwamba hilo silo uliloniandikia. Mwanangu, umeniandikia hilo tu. Mengine yote ni mapambo.

Usimlaumu yule dada wa semina. Kupumua kwa kuhesabu kunasaidia, hata mimi hupumua hivyo nikipokea barua za wenye wivu. Kosa ni lako, kwamba ulichukua ratiba nzuri ukaenda kujifichia ndani yake. Siku kumi na moja unamshukuru Mungu kwa maharage, na hata siku moja hukuandika kwamba mume wako bado yu hai. Umemlilia mtu saa nzima, akapokea simu, na neno ulilompa ni semina. Hapo nilikukasirikia kweli.

Na kule kulala usiku kucha unakuita uchovu. Umechota maji na kupika na kulima miezi yote hiyo, mbona uchovu huo haukukulaza? Ulilala kwa sababu kwa mara ya kwanza ulisema hofu yako kwa sauti, na wanawake tisa wakakushika. Ilibidi mume wako afe kwa uongo ndipo ukubali kushikwa.

Sasa nisikilize. Kesho rudi kwenye zamu ya kulima. Kutembea usiache, ila beba jembe begani ili mke wa Celestini apumzike, na utembee na Kanyange, na njiani umwambie unachokiogopa, kwa jina lake, usimwambie habari za mvua. Kupumua, mwite mama mkwe mkae wote nyuma ya jiko, mwache ahesabu yeye. Aliyeko kwenye duara ni mtoto wake, na siku ile ulimkuta tayari amekaa chini analia. Unadhani yeye analala? Daftari atakurudishia mwenyewe. Moyo ukiendelea kwenda mbio hata umekaa, au usingizi ukikataa tena, nenda zahanati upimwe presha na umweleze mganga yote, siyo nusu kama ulivyonifanyia mimi. Na zile ndoo mbili za pombe lipa bila kunung'unika, zimekununulia kilio kizuri.

Siwezi kukuahidi kwamba lile duara halitaporomoka, na mtu akikuahidi hivyo usimwamini. Kama Projestus aendelee kuchimba au arudi kulima, hayo ni yenu wawili, lakini hamwezi kuyazungumza wakati mmoja wenu anajua kila kitu na mwingine anajua kulikuwa na semina.

Kwa hiyo zile kuni usizifiche wala usiziuze. Akirudi, azikute pale pale uani, umpikie kwa hizo hizo, na akiuliza zimetoka wapi mwambie nani alizibeba na siku ile ilikuwaje. Zililetwa kwa ajili yake. Azione akiwa mzima.