Mashua Iliyoipita Kau

Mamangu mpenzi,

Shikamoo mama. Maji yameshatoka uani? Na dadangu Zuhura, anaweza kukaa sasa bila kuegemezwa? Homa haijamrudia? Mimi huku Mombasa mwili wangu mzima, lakini tangu barua yako inifikie, chakula hakishuki.

Umeniandikia kwamba Nahodha Badi aliipita Kau na mashua ya dawa, akawaona mmesimama ukingoni mnapunga kanga, na asigeuze hata shingo. Kwamba Zuhura alilala siku nne na homa bila kidonge, hadi akapelekwa Kipini kwa mtumbwi. Kwamba watu hawaitikii salamu ya Badi, na wewe mwenyewe umevunja posa ya kaka Athumani kwa binti yake. Mama, keti. Badi hana kosa. Mwenye kosa ni mimi.

Nitakueleza taratibu, ingawa unajua mimi na taratibu hatupatani. Ile orodha ya vijiji vya kupelekewa dawa imo ndani ya kompyuta iliyoko Garsen. Barabara ilipokatwa na mafuriko, sisi wenye kuijaza hatukuweza kufika. Basi kompyuta yangu ya hapa inapiga simu kule, na kilicho kwenye kioo cha Garsen nakiona hapa. Ninachobonyeza hapa kinapita kwenye waya wa simu, kinaandika kule. Waya ukiwa mzima, raha. Lakini nguzo zilikuwa zimesimama majini, laini inakatika na kurudi. Unabonyeza herufi, kioo kimya. Unahesabu hata ishirini ndipo inatokea. Na ni mimi niliyewafundisha wenzangu: ukishabonyeza, ondoa mkono.

Siku ile orodha ilikuwa tayari, mashua inangoja karatasi tu. Mkubwa wangu alikuwa nyuma ya kiti changu. "Bado?" Kila dakika, "Bado?" Nikarudi kwenye mstari wa Kau, kwa sababu ni kwetu, nihakikishe dawa ya homa imo. Nikakuta nimeandika sanduku moja badala ya mawili. Nikabonyeza kitufe cha kufuta. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Lo, nikapandwa na hasira, nikakipiga kile kitufe kama natwanga mpunga, na cha kukubali nikakipiga pia, mara ngapi sijui. Kumbe kila pigo lilikuwa linasubiri njiani. Laini iliporudi yakaingia yote pamoja. La kwanza likafuta ile namba, yaliyofuata yakafuta mstari mzima, na kompyuta ilipouliza kama nina hakika, kidole changu kilikuwa kimeshajibu ndiyo. Mimi niliona chini ya ukurasa tu, kwamba orodha imehifadhiwa. Nikasema alhamdulillahi, wachape.

Nilipoisoma barua yako, wallahi nilimtukana Badi kwa sauti, mpaka jirani akabisha hodi. Ndipo jana nikampigia simu karani wa Garsen, nikamwambia anisomee vijiji kwenye nakala yake.

"Ngao, Ozi, Kipini."

"Na Kau?"

"Kau haimo, dada. Nahodha aliniuliza mara mbili. Nilimwambia masanduku yote yana wenyewe, akitoa hata moja nje ya orodha atanyang'anywa usukani. Akaniuliza, basi nitawatazamaje watu wale?"

Simu ikakatika hapo.

Mama, ningeweza kunyamaza. Karani hajui nani alifuta, na mkubwa wangu hakuona. Jana kutwa nilinyamaza, nikajiona mchafu. Leo asubuhi nimemwambia mkubwa. Ameniambia nikae nyumbani mpaka aniite, na kwa uso alionipa, sidhani kama ataniita. Naogopa, mama. Lakini naogopa zaidi kwamba Zuhura angekufa, na sote tungemlaani mtu mwingine maisha yetu yote.

Nisalimie kaka Athumani, na umwambie asipeleke mahari kwingine. Nisalimie shangazi aliyemuuguza Zuhura kule Kipini, Mungu amlipe. Zuhura mwenyewe mshike mkono kwa niaba yangu. Radhi nitamwomba kwa mdomo wangu nikija.

Na wewe mjomba Shee, unayemsomea mama barua hii. Nakujua. Ulipofika pale niliposema mwenye kosa ni mimi, ulikohoa, ukatafuta mahali pa kuruka. Usinifiche, mjomba. Mkimaliza, ikunje, mwende nayo wewe na mama hadi nyumbani kwa Nahodha Badi, alasiri, watu wakiwa njiani. Mama atangulie kumwamkia. Kisha uisome yote tena, kwa sauti, na jina langu ulitaje kama lilivyoandikwa hapa chini.

Ni mimi niliyeifuta Kau,
Mwanaisha, binti yako wa pili